Opea Alipwe Kiasi Gani? Dhana Potofu na Ukweli Wake

Msichana wa Nakuru aliyepata familia Ujerumani anauliza kama euro 280 kwa mwezi si wizi wa mchana. Baba mmoja Mswahili anayeishi Stuttgart, mwenye watoto wawili na zamu za usiku, anauliza kama hawezi kumpata kijana wa kukaa nao kwa euro 200, "maana atakula kwetu na kulala kwetu". Wote wanazungumzia opea: kijana anayekwenda kuishi na familia ya nchi nyingine, akawaangalia watoto wao huku akijifunza lugha, na ambaye kwenye fomu za ubalozi huandikwa Au-pair. Na wote wawili wameanza na pesa kabla ya kuuliza saa. Ndiyo maana majibu yanayozunguka huko mitandaoni hayawasaidii.

Nitakaa zaidi Ujerumani, kwa kuwa ndiko ninakoulizwa sana, halafu nitagusa Marekani, ambako hesabu inapigwa kwa namna nyingine kabisa.

"Huo ni mshahara, tena wa kinyonyaji"

Tuanze na hasira yenyewe, maana ina msingi. Opea nchini Ujerumani haruhusiwi kufanya zaidi ya saa 30 kwa wiki, ambazo ni kama saa 130 kwa mwezi. Gawanya euro 280 kwa hizo, unapata euro 2 na senti 15 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara nchini humo kilikuwa euro 12.82 kwa saa mwaka 2025, na tangu Januari 2026 ni euro 13.90. Ukiishia hapo, utapiga kelele, na nitakuelewa.

Ila zile 280 si mshahara. Mkataba unaziita Taschengeld, yaani posho ya matumizi yake mwenyewe. Mengine yanalipwa bila kupita mikononi mwake. Serikali ya Ujerumani hutangaza kila mwaka thamani ya chakula na malazi anayopewa mtu na mwajiri wake, ili makato ya kodi na bima yajulikane. Kwa mwaka 2025 chakula kilithaminiwa euro 333 kwa mwezi na malazi euro 282. Weka juu yake posho ya 280 na mchango wa kozi ya lugha, euro 70 kila mwezi, unafika euro 965. Bado bima ya afya, ya ajali, na ile ya kufidia mali ya watu akiiharibu, zote zikiwa mzigo wa familia.

Sasa linganisha na huyu mwingine. Mwanafunzi wa kigeni aliyeomba viza ya masomo mwaka huohuo alitakiwa kuonyesha euro 992 kwa kila mwezi katika akaunti iliyofungwa, yaani akaunti ya benki inayomtolea pesa zake kidogo kidogo kila mwezi. Namba hizi mbili karibu zinagusana. Opea, kwa hiyo, anawekewa maisha ya mwanafunzi. Hajawekewa maisha ya mfanyakazi.

Hata hivyo hesabu haijaisha, na watetezi wa mpango huu hupenda kuikatisha papo hapo. Saa 130 kwa kima cha chini cha 2025 ni kama euro 1,667 kabla ya makato. Kati ya hizo na 965 kuna pengo la karibu euro 700, na hata ukihesabu bima halizibiki. Linatakiwa kuzibwa na kitu kisicho pesa: darasa, muda wa kusoma, mazungumzo mezani, nafasi ya kuijua nchi. Familia inayompangia kijana kazi saa zilezile za kozi yake, au inayomwacha na watoto na simu siku nzima bila mtu wa kuongea naye, imelila pengo hilo. Kwa maoni yangu neno wizi lianzie hapo, si kwenye 280.

"Familia ndiyo inayopanga kiasi"

Haipangi. Euro 280 ndicho kiwango kinachotakiwa na Wakala wa Ajira wa Shirikisho wa Ujerumani, na mkataba wenye pungufu ya hapo hautapata idhini ya viza. Kwa hiyo yule baba wa Stuttgart na euro zake 200 aliishia mlangoni. Posho haipungui kwa sababu mtoto ni mmoja tu, wala kwa sababu kijana ametoka nchi ambako maisha ni rahisi. Haikatwi hata senti kwa ajili ya chakula au chumba. Na akiwa kwenye likizo yake, wiki nne kwa mwaka kamili, anaendelea kuipokea.

Kinyume chake pia ni dhana potofu: kwamba ukiwa na roho nzuri unaweza kupandisha unavyotaka popote. Uholanzi imeweka ukomo wa juu, euro 340 kwa mwezi. Ufaransa inabana saa: zisizidi 25 kwa wiki. Norway ilizitazama hoja zote za kubadilishana utamaduni, ikaamua mwaka 2024 kuufuta mpango wenyewe.

"Nikimwongezea pesa, ataniongezea saa"

Hii ndiyo inayoharibu mikataba mingi, na haianzi kwa ubaya. Hebu tuitazame wiki ya kawaida. Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja hadi saa mbili na nusu asubuhi: kuamsha watoto, uji au mkate, viatu, kuwapeleka chekechea. Kisha yuko huru, anakwenda darasani. Alasiri saa tisa anawachukua, anakaa nao hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Hapo ni saa tano kwa siku, 25 kwa wiki. Jumamosi wazazi wanatoka, yeye anabaki na watoto kuanzia saa moja jioni hadi saa sita usiku. Saa tano nyingine. Jumla 30. Wiki imejaa, na hakuna aliyemtesa mtu.

Halafu unakuja ujumbe Alhamisi usiku: "Jumapili tuna wageni, unaweza kutusaidia kidogo tu asubuhi? Tutakuongezea euro 50." Kijana anaona euro 50, anakubali. Wiki inayofuata "kidogo" inakuwa desturi, na euro 50 inakuwa "tutaona mwisho wa mwezi".

Ukomo wa saa 30 hauuzwi. Kwa siku moja asizidishe saa sita, na saa za kulinda watoto waliolala zinahesabiwa kama saa nyingine yoyote, hata kama alikuwa sofani akitazama filamu. Anastahili siku moja na nusu ya mapumziko kila wiki, jioni nne huru, na walau Jumapili moja kila mwezi. Mamlaka zikikuta amepita hapo kwa mazoea, uhusiano unaweza kuhesabiwa kuwa ajira ya kawaida, yaani kima cha chini, kodi na michango ya bima ya jamii. Viza yake haimruhusu kazi nyingine, kwa hiyo hata ile ya kusafisha kwa jirani siku ya mapumziko haimo.

Na kazi zenyewe zina mipaka. Kuwatunza watoto, kuwapikia, kufua nguo zao, kusaidia usafi mwepesi kama mwana mwingine wa nyumba: sawa. Kumwogesha bibi mgonjwa, kung'arisha nyumba nzima kila Ijumaa, kusimamia duka la familia: hapana, kwa posho yoyote ile. Anayehitaji mtu wa saa 45 amtafute yaya wa kuajiriwa na amlipe kama yaya.

"Chakula na malazi ni hisani"

Hili tunalijua vizuri kutoka nyumbani. Agizo la mishahara la Tanzania la mwaka 2022, lililoanza kutumika Januari 2023, liliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani wa kawaida asiyelala kwa mwajiri kuwa shilingi 120,000 kwa mwezi, na anayelala hapohapo shilingi 60,000. Nusu kamili imeliwa na kitanda na sahani. Anayeambiwa "hapa unakula bure" ameshalipia chakula hicho kabla hajaonja.

Wamarekani wanafanya vivyo hivyo, ila wao hesabu wanaiweka mezani. Mpango wao wa opea unasimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje, na posho ya chini imekuwa dola 195.75 kwa wiki tangu mwaka 2009. Imetoka wapi namba ya ajabu kiasi hicho? Kima cha chini cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa. Zidisha kwa saa 45, ambazo ndizo ukomo wao kwa wiki: dola 326.25. Toa asilimia 40 kwa chakula na malazi, yaani dola 130.50. Zinabaki 195.75.

Kwa hiyo opea wa Marekani hali bure. Analipa dola 130.50 kila wiki bila kuona risiti. Chumba chenye unyevu, au friji yenye rafu za "zetu" na "zako", si jambo la kuvumilia kwa shukrani. Ni huduma iliyolipiwa ikatolewa chini ya kiwango. Kwa Ujerumani chumba chake mwenyewe ni sharti, kisipungue mita za mraba 8. Sofa ya sebuleni haikubaliki.

"Marekani kuna pesa zaidi"

Kwa mwezi ni karibu dola 850, ndiyo. Kwa saa 45 lakini. Familia pia inachangia hadi dola 500 za masomo kwa mwaka.

Linalosahaulika ni kwamba 195.75 ni sakafu, na kwa muda mrefu mawakala waliizungumzia kama dari. Kesi iliyofunguliwa Colorado na waliokuwa opea ilidai kwamba kampuni za uwakala zilishirikiana kuibana posho hapo, na mwaka 2019 kampuni 15 zilikubali kulipa dola milioni 65.5 kuimaliza. Desemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaamua kwamba sheria ya Massachusetts ya wafanyakazi wa ndani inamhusu opea pia. Jimboni humo kima cha chini ni dola 15 kwa saa, hivyo wiki ya saa 30 tu inaanzia dola 450 kabla ya makato yanayoruhusiwa. Kijana anayechagua familia Marekani aulize jimbo kabla ya kuuliza ukubwa wa nyumba.

"Nitamwita mpwa wangu, tutaelewana kifamilia"

Shangazi aliyeko Hamburg akiwaza hivi hana baya, anamfungulia mtoto wa kaka yake njia. Ila njia hii haipo. Opea hatakiwi kuwa na undugu na familia inayompokea. Zaidi ya hapo, kanuni ya ajira ya wageni inataka Kijerumani kiwe lugha mama ya nyumba hiyo. Kama kinazungumzwa nyumbani bila kuwa lugha mama, opea asitoke nchi ya asili ya wazazi hao. Familia ya Wakenya Hamburg inaweza kumpokea kijana wa Colombia au Georgia. Wa Kisumu, hapana. Kwa hiyo swali la shangazi la "nimpe ngapi?" halina jibu, maana hakuna mkataba wa kuandika kiasi hicho.

"Nitatuma karibu zote nyumbani"

Euro 280 ni kama shilingi 40,000 za Kenya. Kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani Nairobi, tangu Novemba 2024, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Ukiziona hizi mbili kwenye karatasi unaanza kupanga ada za wadogo zako.

Matumizi, hata hivyo, ni ya Ujerumani. Tiketi ya mwezi ya treni na mabasi ya mikoa na miji nchi nzima ni euro 63 mwaka 2026. Kozi ikizidi ile 70 ya familia, ziada inatoka wapi? Mtihani wa lugha, koti la baridi, viatu vya theluji, simu. Na kozi si ya kubania, kwa sababu mpango unadumu mwaka mmoja tu na haurudiwi. Wengi wanaotaka kubaki huendelea na mafunzo ya kazi au mwaka wa kujitolea, na huko kote A1 uliyokuja nayo, yaani ngazi ya kwanza kabisa ya lugha, haitoshi.

Hapa ndipo penye nafasi halisi ya kupatana, kwa kuwa 280 haibishaniwi. Familia nyingi zinakubali kulipia tiketi, salio la kozi au laini ya simu zikiulizwa kabla ya kusaini. Zikiulizwa Novemba, kijana keshafika, zinaonekana malalamiko.

Nauli ya ndege kwenda Ujerumani kwa kawaida ni ya kijana mwenyewe, labda mkataba useme vingine. Ada ya wakala ni jambo tofauti. Sheria ya Ujerumani hairuhusu wakala kumtoza opea zaidi ya euro 150 kwa kumtafutia familia. Masomo ya lugha, mtihani wa A1 na ada ya viza ni gharama halali, na kila moja ina risiti yake. Ukiandikiwa jumla moja ya laki kadhaa za Kenya kama "ada ya kuunganishwa", omba mchanganuo wa kila kitu kwa maandishi kabla hujatuma shilingi.