Seng'enge Ikikatwa: Kesi ya Uharibifu wa Mali Nchini Kenya Huthibitishwaje

Kifungu cha 339(1) cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu anayeharibu mali kwa makusudi na kinyume cha sheria. Kifungo chake ni hadi miaka 5. Moto una vifungu vyake: aliyechoma nyumba anaweza kufungwa maisha (332), na aliyechoma mazao shambani, miaka 14 (334).

Kuonyesha kwamba mali imeharibika ndiyo kazi rahisi. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe pia aliyeharibu ni nani, na kwamba alikusudia. Dereva aliyegonga lango kwa sababu breki zimefeli hajatenda kosa hili, ingawa mwenye lango anaweza kumdai fidia katika kesi ya madai.

Migogoro ya mipaka ndiyo migumu zaidi. Kifungu cha 8 kinamkinga aliyetenda akiamini kwa dhati kwamba ana haki juu ya mali hiyo, bila nia ya kulaghai. Jirani aliyeng'oa vigingi akidhani vimeingia shambani mwake anaweza kuachiliwa hata kama amekosea. Kwa hiyo ripoti ya mpimaji aliyoonyeshwa mapema, au amri ya mahakama aliyokabidhiwa kabla ya kukata ua, ina uzito kuliko picha kumi za nyaya zilizokatika.

Picha zipigwe hata hivyo, kabla fundi hajagusa kitu: za mbali zionyeshe mahali, za karibu zionyeshe mkato. Nenda kituo cha polisi upewe nambari ya OB (kitabu cha kuandikia matukio). Fomu ya P3 ni ya aliyeumizwa mwilini; ua hauhitaji P3. Orodhesha mita za waya, idadi ya nguzo na bei zake kwa risiti. Usiongeze chochote: hati ya mashtaka ikitaja nguzo 12 nawe ukasema 8 kizimbani, wakili wa mshtakiwa atakung'ang'ania hapo hapo. Video ya kamera ya ulinzi inakiliwe mapema, maana mashine hufuta rekodi za zamani, na iambatane na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza jinsi rekodi hiyo ilivyopatikana.

Kwa kuwa sheria imeliita kosa hili dogo licha ya miaka hiyo 5, mahakama inaweza kuhimiza suluhu kwa malipo ya fidia (kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai). Lakini mkielewana nyumbani, usiache tu kufika kortini. Malalamiko huondolewa kwa idhini ya hakimu, chini ya kifungu cha 204, na sababu zako lazima zimridhishe.