Nikabu si dalili ya ugaidi

Ujumbe ule umerudi kwenye magrupu ya Tanga: binti akianza kuvaa nikabu, vazi linalofunika uso, na kujifungia na simu, basi keshaolewa na magaidi mtandaoni.

Si kweli. Mwaka 2015 wasichana 3 wa shule waliondoka London kwenda Syria kujiunga na magaidi, vyombo vya habari vikawaita "maharusi wa jihadi". Tazama picha za kamera za uwanja wa ndege: hakuna aliyefunika uso. Tunachanganyikiwa kwa sababu vazi linaonekana. Maneno ya mshawishi hayaonekani. Huyo huahidi ndoa au maisha mapya, kisha husisitiza: "Usimwambie mama."

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze, unamchafua mtoto wa mtu. Muulize aliyeutuma: binti gani, nani kathibitisha? Na binti yako wa nyumbani, kaa naye, muulize anaongea na nani.