Pampu ya sodiamu na upande inakokaa

Mwaka wangu wa kwanza katika maabara nilipoteza karibu siku nzima kwa kukosea upande. Nilikuwa nimetandaza kipande cha ngozi ya chura katikati ya vyumba viwili vya maji ya chumvi, katika kifaa kinachojulikana kwa jina la Hans Ussing, mwanafiziolojia wa Denmark, ambaye mwaka 1951 yeye na mtafiti mwenzake Zerahn walionyesha kwamba mkondo wa umeme unaopita katika ngozi hiyo ni sawa na sodiamu inayovushwa. Nikatia ouabaini, sumu inayozima pampu ya sodiamu, yaani protini inayosukuma sodiamu nje ya seli, nikasubiri mkondo ushuke. Haukushuka. Nikaongeza dozi, na bado mshale wa mita ulitulia palepale. Kumbe nilikuwa nimeitia upande wa nje wa ngozi, ilhali pampu zote ziko upande wa ndani. Nilipoitia huko, mkondo ulififia polepole hadi ukakaribia sifuri.

Kosa hilo lilinifundisha kwamba seli ya epithelia, yaani tabaka la seli linalofunika ngozi au kuta za ndani za viungo, haifanani pande zote. Utando wa juu, unaoelekea uwazi wa utumbo au wa mrija wa figo, una protini zake, na utando wa chini, unaoelekea damu, una zake. Pampu ambayo mwanasayansi wa Denmark Jens Christian Skou aliieleza mwaka 1957 hukaa huko chini karibu katika epithelia zote, na kwa kila molekuli ya ATP, kemikali inayoipa seli nishati, hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Kwa sababu hiyo sodiamu ndani ya seli hubaki milimoli (kipimo cha wingi wa chembe) 10 hadi 15 tu kwa lita, wakati nje hufikia takriban 145, na ndani kuna chaji hasi inayoivuta zaidi. Popote itakapopata mlango, sodiamu itaingia.

Mlango wenyewe ndio unaotofautisha kiungo kimoja na kingine. Katika ngozi ya chura ni tundu linalopitisha sodiamu peke yake. Katika utumbo mwembamba ni protini iitwayo SGLT1, ambayo haipitishi sodiamu mbili bila kubeba na molekuli moja ya sukari ya glukosi, jambo ambalo mwanabiokemia Robert Crane alilipendekeza katika mkutano mjini Prague mwaka 1960 na ambalo, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa mawazo mazuri kabisa ya fiziolojia. Glukosi hurundikana ndani ya seli, kisha hutokea chini kuelekea damu bila kuhitaji nishati nyingine.

Maji hayana pampu yake. Hufuata chumvi kwa osmosisi, yaani huelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi, lakini pale tu yanapopata njia. Sehemu nene ya mrija wa figo unaopanda huondoa chumvi kwa wingi huku kuta zake zikiyazuia maji, hivyo mkojo unaobaki humo huwa mwepesi. Mbele zaidi, katika mirija ya kukusanyia mkojo, homoni ya vasopresini huamuru akwaporini, protini zenye tundu la kupitisha maji, zipachikwe kwenye utando wa juu, na maji hurudi mwilini.

Kipindupindu hugeuza mwelekeo bila kuihamisha pampu. Sumu ya bakteria hufungua matundu ya kloridi katika utando wa juu. Kloridi hiyo ilikwisha kuingia kutoka upande wa damu ikiwa imebebwa pamoja na sodiamu, kwa nguvu ya pampu ileile, na sasa humwagika katika utumbo, huku sodiamu na maji vikiifuata. SGLT1 haidhuriki. Ndiyo maana maji ya chumvi na sukari ya kurudishia maji mwilini huwa na milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi kwa lita: mlango mmoja bado unapokea. Sukari ikizidishwa mno, ile isiyofyonzwa hubaki katika utumbo na kuvuta maji kutoka kwenye damu, na kuhara huongezeka.