Manowari Pegasus na makaburi ya Chapwani: yasemwayo na yaliyotokea

Ukitoka Mji Mkongwe kwa boti kwenda Changuu, utaonyeshwa kisiwa jirani cha Chapwani na kuambiwa kuwa ndipo walipozikwa mabaharia wa Pegasus, meli ya Kiingereza iliyozamishwa Unguja. Ni kweli, ila hadithi inayofuata mara nyingi huwa imechanganywa.

Kosa kubwa ni kusema meli hiyo ilizama katika vile vita vya mwaka 1896 vilivyomalizika ndani ya saa moja. Meli iliyozama siku ile, tarehe 27 Agosti, ni Glasgow, na ilikuwa ya Sultani. Walioizamisha ni Waingereza wenyewe. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini mbele ya mji kwa miaka, mpaka mabaki yalipovunjwa mwaka 1912. Pegasus ni habari nyingine kabisa: ilipigwa alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 na manowari ya Kijerumani Königsberg, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Bandari moja, vita viwili, na waliokufa katika kila kimoja wanastahili kukumbukwa kwa habari yao wenyewe.

Wengine hudhani manowari hizo mbili zilipambana baharini. La. Pegasus ilikuwa imetia nanga, mitambo yake ikitengenezwa, haiwezi kuondoka. Wala si kwamba Wajerumani walikuwa na mizinga mikubwa kupindukia: yao ilikuwa ya sentimita 10.5, ya Waingereza kama 10.2. Tofauti ilikuwa masafa. Makombora ya Pegasus yalidondoka majini kabla ya kumfikia adui, huku ya Königsberg, chini ya Nahodha Max Looff, yakiua mabaharia zaidi ya 30.

Je, Königsberg nayo ilizama hapo? Hapana. Haikuja kuiteka Zanzibar. Ilirudi kujificha kwenye delta ya Rufiji, na huko ndiko mwisho wake ulipofika, Julai 1915. Mizinga yake iliopolewa ikaendelea kutumika vitani bara, ikikokotwa kwa jasho la wapagazi Waafrika. Hao kwenye simulizi za meli hizi hawatajwi, na inaniuma.

Kuhusu Chapwani, si kila kaburi ni la Pegasus. Kisiwa kilikuwa kikizika mabaharia wa Kiingereza tangu karne ya 19, wakiwemo waliokuwa wakisaka majahazi ya biashara ya watumwa. Nahodha Charles Brownrigg, aliyeuawa karibu na Pemba mwaka 1881 katika kazi hiyo, yupo hapo. Ukipita bila kusoma majina na miaka, utawapa wote kifo kimoja.

Na Pegasus yenyewe haiko yote chini ya maji. Mizinga yake iliopolewa ikatumika nchi kavu, na mmoja umewekwa Fort Jesus, Mombasa. Bodi ya meli iliuzwa kama chuma chakavu mwaka 1955. Wapiga mbizi hukuta vipande vilivyosalia.