Kurudi si kufungua upya: dhana potofu kuhusu programu za simu zenye fomu nyingi

Vikundi vya wafugaji nyuki wa Sikonge na maeneo mengine ya Tabora vinazidi kuacha daftari na kuandikia mapokezi ya asali kwenye simu, na kazi ya kukarabati programu hizo huishia mezani kwangu. Kijana aliyeandika programu hunieleza, karibu kila mara kwa maneno yale yale, kwamba ili kumrudisha karani kwenye fomu iliyotangulia inatosha kuifungua fomu hiyo tena. Dhana hii inanichosha kuliko nyingine zote, kwa sababu programu iliyojengwa juu yake huonekana nzima siku ya kuonyeshwa na huharibika siku ya mizani.

Android huweka skrini kama karatasi zilizopangwa juu ya meza ya karani: mpya huwekwa juu, na kurudi ni kuiondoa ya juu ili ile ya chini, ambayo haikuwa imekwenda popote, ionekane tena. Chukua programu yenye fomu tatu, ya mfugaji, ya mizinga na ya kupokea asali. Karani aliyefika ya tatu anagundua kwamba jina la mfugaji limekosewa, anabonyeza mara mbili kitufe cha "Rudi" kilichochorwa na kijana wetu, na sasa rundo lina fomu tano, mbili za juu zikiwa nakala tupu za zile zilizojazwa. Analazimika kujaza kila kitu upya. Kisha akitumia kitufe cha kurudi cha simu yenyewe, anarudi hadi kwenye fomu tupu asiyoikumbuka na, chini yake, ile yenye kilo alizoandika mwanzo. Hapo mimi huambiwa kwamba simu ina virusi.

Wanaoitetea njia hii husema kwamba wanafungua upya ili fomu ionyeshe taarifa mpya. Hayo ni mambo mawili tofauti, nami sielewi kwa nini yanaendelea kuchanganywa. Kusasisha taarifa ni kazi ya fomu kusoma hifadhidata kila inapojitokeza tena. Kurudi ni kazi ya rundo, na inafanywa kwa kuifunga skrini ya juu kwa amri ya finish, au kwa popBackStack kwa anayetumia Navigation, maktaba ya Android ya kupanga safari kati ya skrini. Kwenye iPhone jambo ni lile lile, kwani UINavigationController, chombo chake cha kupanga skrini, nayo huongeza skrini juu na kuiondoa. Aidha, baada ya rekodi kutumwa, ondoa fomu zote za safari hiyo hadi kwenye orodha, la sivyo karani atarudi nyuma, ataikuta fomu iliyokwisha kutumwa, na ndoo moja ya asali itapokelewa mara mbili.

Dhana ya pili ni kwamba taarifa zilizowekwa kwenye vigeu vya jumla, yaani nafasi za kumbukumbu ya muda ambazo kila sehemu ya programu huzifikia, ziko salama maadamu mtumiaji hajafunga programu. Simu yenye kumbukumbu ndogo huua programu iliyo nyuma bila kumuuliza mtu, na hilo hutokea hasa karani anapofungua kamera ili kupiga picha ya ndoo, akarejea na kukuta fomu nyeupe. ViewModel, sehemu ya Android inayoshikilia data ya skrini, hustahimili simu kugeuzwa upande, lakini haistahimili kifo cha mchakato mzima. Ushauri wangu, ambao nitaendelea kuurudia hadi nichokwe, ni kufungua rasimu ndani ya SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya simu yenyewe, tangu fomu ya kwanza, kuiandika kila hatua, na kupitisha namba ya rekodi pekee kutoka fomu hadi fomu. Anayepitisha picha nzima atagonga ukuta, kwa kuwa nafasi ya kupitishia data kati ya skrini za Android ni takriban megabaiti 1, tena inagawanywa na shughuli nyingine za programu hiyo hiyo.

Wengine huamini kwamba kukizima kitufe cha kurudi kunalinda data. Hakulindi: aliyezuiwa hutoka kwa kitufe cha nyumbani, na kwenye iPhone kitufe cha kurudi cha simu hakipo kabisa. Muulize karani kama kweli anataka kutoka, tena pale tu ambapo kuna jambo ambalo bado halijahifadhiwa.

Fomu moja ndefu badala ya nyingi? Kwa maswali machache, sawa. Kwa karani aliyesimama kando ya mizani, kosa lililofichika mbali juu ya skrini ni kosa asiloliona.

Mwisho, si lazima kila fomu ijue inayofuata. Mpangilio wa hatua ukiandikwa mahali pamoja, siku kikundi kitakapotaka fomu ya kipimo cha unyevu wa asali iingie kati ya mizinga na mapokezi, utabadilisha sehemu moja tu ya msimbo, na fomu zilizopo hazitaguswa.