Mwendelezaji Alipie Barabara Ipi?

Jiji linalokua kwa kasi hufika mahali ambapo fedha za barabara zimekwisha huku vibali vya ujenzi vikiendelea kutolewa. Hapo ndipo madiwani wanapoanza kuulizana: anayejenga nyumba mia nne analeta magari yake barabarani, kwa nini asichangie kuipanua? Kazi yangu ni kukokotoa ada za namna hiyo, na ninaziunga mkono kwa moyo wote. Ninachopinga ni kuzigeuza kuwa njia ya kulipia uzembe wa miaka iliyopita. Barabara iliyokuwa na foleni kabla mwendelezaji, yaani huyo anayejenga, hajanunua kiwanja ni deni la jiji.

Haki ya ada hii imo ndani ya hesabu, kwa hiyo nitaanza huko.

Kipimo chetu ni safari. Kila gari likiingia au kutoka kwenye jengo, hiyo ni safari moja. Taasisi ya wahandisi wa usafirishaji ya Marekani, ITE, huchapisha mwongozo wa vipimo vilivyochukuliwa kwenye nyumba, maduka, ofisi, shule na kadhalika. Nyumba ya kujitegemea ya familia moja huzalisha safari zaidi ya 9 kwa siku ya kazi, na takriban 1 katika saa ya jioni yenye magari mengi. Hiyo moja ndiyo inayobeba uzito, kwa sababu upana wa barabara hupangwa kwa kuangalia saa mbaya kuliko zote.

Mitego ipo. Mtu akitoka nyumbani kwenda dukani, safari yake imeshahesabiwa kwenye nyumba. Ukiihesabu tena yote kwenye duka, umewatoza watu wawili kwa gari moja. Kituo cha mafuta nacho kinaonekana kuzalisha safari nyingi kupindukia, lakini wengi wanaoingia pale walikuwa wanapita tu njia hiyo hiyo. Hao lazima waondolewe kabla ya kutoza. Halafu vipimo vingi vya mwongozo ule vilichukuliwa kwenye vitongoji vya Marekani ambako karibu kila mtu anaendesha gari. Ukivichukua kama vilivyo na kuvipachika kwenye mtaa wenye mabasi ya kutosha na watu wanaotembea kwa miguu, utamtoza mjenzi kwa magari ambayo hayatakuja kamwe.

Sasa tuje kwenye lile deni. Tuchukue mfano. Barabara ina uwezo wa kupitisha magari 1,800 kwa saa, lakini tayari yanataka kupita 2,000. Upanuzi utaongeza nafasi 1,800 na utagharimu dola milioni 9. Kati ya nafasi hizo mpya, 200 za kwanza zitamezwa na watu waliokuwapo tangu zamani. Hiyo ni sehemu moja ya tisa, yaani dola milioni 1, na lazima itoke kwenye kodi ya wote. Zinabaki milioni 8 kwa nafasi 1,600, ambazo ni dola 5,000 kwa kila safari ya saa ya msongamano. Mradi wa nyumba 400 utalipa takriban milioni 2. Jiji linaloruka hatua hiyo litagawanya milioni 9 yote kwa 1,600 na kutoza dola 5,625. Ile 625 inayozidi haina maelezo yoyote ya haki. Mgeni analipishwa foleni aliyoikuta.

Nimeona mapendekezo mengi ya ada, na hapo ndipo yanapovurugika. Orodha ya miradi hujazwa kila kitu ambacho jiji limetamani kwa miaka: kuziba mashimo, kukarabati madaraja, hata taa za mitaa ya mbali. Matengenezo hayana nafasi kwenye ada hii. Ada ni ya uwezo mpya unaohitajika kwa sababu ya watu wapya.

Mahakama ya Juu ya Marekani imelizungumzia jambo hili zaidi ya mara moja. Mwaka 1994, katika kesi ya Dolan dhidi ya jiji la Tigard, Oregon, mwenye duka alitaka kulipanua, na jiji likamtaka atoe sehemu ya ardhi yake kwa ajili ya mfereji wa mafuriko na njia ya baiskeli. Jiji lilikadiria kwamba duka jipya lingeongeza safari 435 kwa siku, ila kuhusu njia ya baiskeli lilisema tu kwamba ingeweza kupunguza baadhi yake. Mahakama ikasema hilo halitoshi: kinachodaiwa lazima kiendane, walau kwa makadirio, na athari ya jengo lenyewe. Mwaka 2024 ikaja kesi ya George Sheetz, aliyetozwa dola 23,420 za barabara na kaunti ya El Dorado, California, ili aweke nyumba moja tu. Kaunti ilijitetea kwamba kiwango kilipangwa na baraza la kutunga sheria. Majaji wote tisa wakakubaliana kwamba ada haiepuki kupimwa kikatiba kwa sababu hiyo pekee. Hata nje ya Marekani ningependa kanuni ya Tigard iandikwe kwenye ukuta wa kila idara ya mipango miji.

Nani hasa analipa? Aliyeandika hundi si lazima awe ndiye aliyebeba mzigo. Ada ikitangazwa mapema, mwendelezaji huiingiza kwenye hesabu zake kabla ya kununua ardhi na kutoa bei ndogo, hivyo sehemu kubwa humwangukia mwenye shamba. Ikiibuka ghafla baada ya kiwanja kununuliwa, itaingia kwenye bei ya nyumba pale soko linaporuhusu, au mradi utakwama. Ndiyo maana nasisitiza viwango vichapishwe mapema na viongezwe polepole. Tena kiwango kimoja kwa kila nyumba humwumiza anayejenga nyumba ndogo. Sheria ya California ya mwaka 2021 ilielekeza ada za makazi zikokotolewe kwa ukubwa wa eneo la sakafu, isipokuwa jiji lionyeshe sababu ya kutofanya hivyo.

Linabaki suala la muda, na hili hujadiliwa kidogo mno. Rudi kwenye mfano wangu: mradi wa kwanza umeleta milioni 2, jiji lina milioni 1 yake, na milioni 6 zitatoka kwa miradi ambayo haijaanza. Huwezi kujenga theluthi ya njia ya magari. Ama jiji likope na kulipa deni kwa ada zijazo, na likubali hatari kwamba ujenzi unaweza kusimama, ama fedha zikae benki huku wakazi wa kwanza wakikaa kwenye foleni waliyokwisha kuilipia. Mimi napendelea kukopa, lakini kwa ajili ya makutano na vipande vifupi vya barabara vinavyofanya kazi hata kama upanuzi mzima utachelewa.

Fedha hizo zikae kwenye akaunti yake, mbali na mfuko mkuu. California inalitaka jiji lieleze kila baada ya miaka mitano kwa nini fedha ambazo hazijatumika bado zinahitajika na ni za mradi gani. Likishindwa, lizirudishe kwa wamiliki wa sasa wa majengo yaliyolipiwa. Pendekezo la ada likiletwa kwenye baraza lenu, soma kwanza kifungu cha marejesho. Kama hakipo, ombeni kiandikwe kabla ya kupiga kura.