Mkufunzi wa lori akiwa mgumu: ukali wa kuvumilia na ukali wa kukataa

Malalamiko ya madereva wanafunzi yanafanana sana. "Ananifokea." "Hanifundishi, ananitukana tu." "Nikiuliza, ananiambia wenzako mbona wanajua." Wengi wanaokuja nayo ofisini wameshaamua kuacha mafunzo. Swali la kwanza ninalowauliza huwashangaza: alipokufokea, macho yako yalikuwa wapi?

Lori likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 hivi kila sekunde. Ukigeuka sekunde mbili tu kumtazama anayefoka, umeshakwenda mita 44 bila kuona mbele, zaidi ya urefu wa malori mawili pamoja na matela yake. Isitoshe, mtu aliyetishika huona finyu: hukodolea kitu kimoja, husahau vioo, mikono hukakamaa kwenye usukani. Ndiyo maana sisi tunalihesabu jambo hili kuwa la usalama barabarani, nawe ulieleze hivyohivyo utakapolipeleka kwa wakubwa.

Lakini kabla ya kulipeleka popote, jiweke kidogo kwenye kiti cha mkufunzi. Amekaa pembeni, hana usukani, na katika malori mengi hana hata pedali ya breki. Anayeendesha ni mtu aliyemfahamu juzi, na chombo chenyewe kikiwa na mzigo kinaweza kufika tani 40. Breki pekee aliyobaki nayo ni mdomo. Nimekaa kiti hicho, na nakiri sauti yangu ilipanda mara nyingi bila mwenyewe kujua. Tena dereva hodari si lazima awe mwalimu hodari. Mambo anayoyafanya kwa mazoea ameshasahau aliyajifunzaje, kwa hiyo anashindwa kuyaeleza na kelele zinachukua nafasi ya maelezo.

Kelele huzidi zaidi mnapopiga rivasi kuingiza tela mahali pa kupakulia. Mkufunzi anasema, "Kulia! Kata kulia!" Mwanafunzi anazungusha usukani kulia, mkia wa tela unakwenda kushoto, kelele zinaongezeka. Hapo kila mmoja ana haki yake. Mkufunzi alikuwa anausemea mkia, mwanafunzi akasikia usukani. Ukirudi nyuma na tela, usukani ukienda kulia mkia huanza kwenda kushoto, kwa hiyo neno "kulia" peke yake lina maana mbili zinazopingana. Nimeona watu wakinuniana wiki nzima kwa sababu ya neno hilo moja, kila mmoja akiamini mwenzake ni mjinga.

Dawa yake ni mazungumzo ya dakika tano asubuhi, kabla injini haijawashwa. "Mwalimu, ukisema kulia, ni usukani au ni mkia?" Mkubaliane pia kwamba "simama" maana yake ni kusimama papo hapo bila kuuliza, na neno hilo lisitumike kwa jambo jingine lolote. Na mkubaliane kuwa ukichanganyikiwa una ruhusa ya kusimama, kuvuta breki ya mkono, kushuka na kwenda kuangalia nyuma kwa macho yako. Akikucheka kwa kushuka, mwache acheke. Madereva wazoefu nao hushuka.

Akifoka lori likiwa linatembea, usijibizane. "Nimekusikia, mwalimu" inatosha, macho yakiwa mbele. Ukiona umetetemeka kiasi cha kushindwa kuendelea, washa indiketa, tafuta mahali salama nje ya barabara, simama. Mazungumzo yenyewe yangoje mkiwa mmepoa, na uanze na kosa lako: "Mwalimu, pale kwenye kona nilichelewa kupunguza gia. Naomba unionyeshe ningeanzia wapi. Ila ukipaza sauti, vioo vinanipotea." Mtu aliyesikia umelikubali kosa huwa hana tena sababu ya kulipigia kelele. Ukianza na "wewe ni mkali mno", umefungua kesi, naye atajitetea.

Ukali wa aina hiyo kwa kawaida hupungua kadiri anavyokuzoea. Kuna mengine hayangojewi. Mkufunzi anayekuambia uache kulikagua lori kabla ya safari kwa sababu mmechelewa. Anayetaka muondoke geji ya upepo wa breki haijapanda, au tela limeungwa na hamjalijaribu kwa kulivuta taratibu. Anayekushusha mteremko mrefu kwa gia kubwa, mguu juu ya breki muda wote, mpaka zinapata moto na kuisha nguvu. Anayekunywa pombe. Anayekuamuru uandike saa za uongo. Kuhusu saa, sheria hutofautiana nchi na nchi, ila Mkataba Na. 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unaweka kipimo: usiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa 9 kwa siku, na katika kila saa 24 upate mapumziko ya saa 10 mfululizo.

Kwenye mambo hayo heshima haikulazimishi kutii. Likitokea la kutokea, atakayeulizwa kwanza ni aliyeshika usukani. Sema kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu, naomba tusubiri upepo ujae," kisha kaa kimya na usiondoe lori.

Matusi ya kudhalilisha, kupigwa, kushikwashikwa au kutakwa kimapenzi hayamo kabisa katika mafunzo, hata kama wakongwe watakuambia nao walipitia hayo. Mkataba Na. 190 wa Shirika hilohilo la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, unawataja wazi walio mafunzoni miongoni mwa wanaolindwa. Mkiwa safari ndefu mnalala kabini moja, kwa hiyo usijiambie utavumilia hadi mwisho wa mafunzo. Shuka mahali penye watu, piga simu ofisini, na usirudi kabini mpaka wamekupa utaratibu mwingine.

Kwa yote, uwe na daftari. "Ananinyanyasa" humwacha msimamizi bila la kufanya. "Jumanne, saa 4 asubuhi, tukitoka kupakia, aliupiga mkono wangu uliokuwa kwenye gia, mlinzi wa geti akiona" humpa pa kuanzia. Andika maneno yake kama yalivyotoka, hata yakiwa machafu. Andika mkiwa mmesimama. Nimewahi kuletewa video iliyochukuliwa na mwanafunzi huyohuyo aliyekuwa anaendesha, na kikao kikageuka kumjadili yeye. Kisha omba kwa maandishi ubadilishiwe mkufunzi. Ombi hilo ni la kawaida kuliko wanafunzi wanavyodhani, na wasimamizi wengi huona afadhali kuliko kumpoteza mtu katikati ya mafunzo.

Sasa, ukishabadilishiwa, sikiliza kama maonyo mapya yanafanana na ya zamani. Mkufunzi wa kwanza alikufokea kwamba unalisogelea mno gari la mbele. Wa pili, mpole, asiyejua lolote kuhusu yule wa kwanza, naye akikuambia hilohilo, punguza mwendo uliache gari hilo liende mbali kidogo.